Gore alidai nusu, akakosa yote

Ifuatayo ni mada iliyotolewa mbele ya mawakala na viongozi wa matawi ya chama katika semina ya maandalizi ya uchaguzi. Tunaichapisha kwa ukamilifu kwa faida ya wasomaji ambao hawakubahatika kuhudhuria. – Mhariri



Nimeombwa nizungumzie kazi ya wakala siku ya kuhesabu kura. Najua mnatarajia nianze na vituo vyetu. Nitafika huko. Kwanza naomba niwapeleke mbali kidogo, Florida, Marekani, mwaka 2000. Sababu ni moja. Kila tukikaa barazani jioni na mazungumzo yakigusa Marekani, hakosi mtu wa kusema: "Kama Gore angalishinda, Iraki isingalivamiwa." Mwingine ataongeza lake, na mwingine lake, mpaka kahawa inapoa.

Wahenga walisema ningalijua huja nyuma. Mimi leo nataka hiyo "kama" tuifanyie kazi. Tuulize ni kitu gani hasa kilikuwa hakina budi kubadilika, na ni kidogo kiasi gani, ili aapishwe mtu mwingine. Tukikijua kitu hicho, tutajua na pa kukaa siku yetu ikifika.

HESABU ZENYEWE

Wamarekani walipiga kura Jumanne, Novemba 7, 2000. Wagombea wakubwa walikuwa wawili: Makamu wa Rais Al Gore wa chama cha Democratic, na Gavana wa Texas George W. Bush wa chama cha Republican. Nchi nzima, Gore alipata kura 50,999,897. Bush alipata 50,456,002. Yaani Gore alimzidi mwenzake kwa kura 543,895. Kwetu hapo tungesema shughuli imekwisha, pilau lipakuliwe. (Kicheko)

Kwao si hivyo. Kila jimbo la Marekani lina idadi yake ya wajumbe wanaomchagua Rais, na karibu majimbo yote humpa mshindi wajumbe wote, hata akishinda kwa kura moja. Wajumbe wote ni 538. Anayetaka kuingia Ikulu sharti afikishe 270. Florida ilikuwa na wajumbe 25, na usiku ule bila Florida hakuna aliyefika.

Mwishowe Bush alitangazwa mshindi wa Florida kwa kura 2,912,790 dhidi ya 2,912,253 za Gore. Tofauti ni kura 537. Kati ya watu karibu milioni sita, ndugu zangu, kura 537! Hao ni watu wa kituo kimoja au viwili vya kwetu. Kwa kura hizo Bush akapata wajumbe 271. Gore akabaki na 266, maana mjumbe mmoja wa mji mkuu, Washington, aliacha karatasi yake tupu kulalamikia wakazi wa mji ule kunyimwa uwakilishi kamili Bungeni.

Usiku wenyewe ulikuwa wa vituko. Kabla ya saa mbili usiku kwa saa za huko, televisheni zilimpa Gore Florida. Ilipofika kama saa nne zikamnyang'anya. Baada ya saa nane usiku zikampa Bush. Gore akanyanyua simu, akampongeza Bush, akatoka kwenda kuwaambia wafuasi wake mjini Nashville kwamba ameshindwa. Njiani wasaidizi wake wakamwahi: mzee, tofauti inayeyuka. Akampigia Bush simu ya pili kuyafuta maneno yake. Asubuhi tofauti ilikuwa kura 1,784. Mashine ziliporudia kuhesabu ikashuka hadi kura mia tatu na ushei. Tungekuwa na wakala mwenye tabia ya kupongeza kabla ya fomu kusainiwa, ningemwomba abaki nyumbani.

KURA ZILIZOPOTEA MAPEMA

Watu wengi wakisikia Florida wanafikiria mahakama. Lakini kura nyingi zilipotea kabla jaji yeyote hajavaa joho.

Zilianza kupotea kwenye daftari. Florida ilikuwa na sheria ya tangu karne ya 19 ya kumnyima kura maisha yake yote mtu aliyepatikana na kosa kubwa la jinai, asiporudishiwa haki hiyo rasmi. Jimbo likaipa kampuni binafsi kazi ya kusafisha daftari. Ikaletwa orodha ya majina zaidi ya 50,000, iliyotengenezwa kwa kulinganisha majina yanayofanana-fanana. Matokeo yake, watu ambao hawajawahi kufungwa hata siku moja walifika kituoni wakaambiwa jina lako halipo. Walioumia zaidi ni watu weusi.

Na nani alikuwa akisimamia? Gavana wa jimbo alikuwa Jeb Bush, ndugu wa damu wa mgombea. Mkuu wa uchaguzi wa jimbo, Katherine Harris, alikuwa papo hapo mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush Florida. Refa ndiye kocha msaidizi. (Makofi)

Ngojeni, msipige makofi mapema. Kosa la pili lilifanywa na mtu wa upande wa Gore. Wilaya ya Palm Beach, msimamizi wake, ambaye wakati huo alikuwa Democratic, alitaka maandishi yawe makubwa ili wazee wasome. Akayapanga majina pande mbili za karatasi, matundu ya kutoboa yakawa katikati. Upande wa kushoto Gore alikuwa jina la pili, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. Buchanan akapata kura 3,407 katika wilaya ile, na mwenyewe akakiri kwamba nyingi hazikuwa zake. Wapigakura zaidi ya 19,000 walitoboa matundu mawili, karatasi zao zikatupwa.

Wilaya ya Duval, penye mji wa Jacksonville, majina ya wagombea urais yaligawanywa kurasa mbili. Watu wakapiga kura kila ukurasa. Zaidi ya karatasi 20,000 zikaharibika, nyingi katika mitaa ya watu weusi.

Kwa jumla, Florida ilikuwa na karatasi kama 175,000 ambazo hazikuhesabiwa kwa mgombea urais yeyote. Tume ya Haki za Raia ya Marekani ilieleza mwaka 2001 kwamba kura ya mtu mweusi ilikuwa na uwezekano karibu mara kumi wa kukataliwa kuliko ya asiye mweusi. Wizi? Mwingine ulikuwa uzembe, mwingine mashine kuukuu, mwingine kutojali. Kwa mwananchi ambaye kura yake imetupwa, yote ni mamoja.

Nataja pia wale wanaomlaumu Ralph Nader wa chama cha Green, aliyepata kura 97,488 Florida. Kweli, sehemu ndogo tu ya hizo ingetosha. Lakini Gore alishindwa pia Tennessee, nyumbani kwake, palipokuwa na wajumbe 11. Kama angalishinda kwao, Florida isingalimhusu. Chama kinachopoteza nyumbani kisianze kumlaumu jirani.

WILAYA NNE KATI YA 67

Sasa nafika kwenye lililonileta.

Florida ina wilaya 67. Gore alipoona tofauti imekuwa ndogo, chama chake kiliomba kura zihesabiwe upya kwa mkono katika wilaya nne tu: Palm Beach, Broward, Miami-Dade na Volusia. Zote nne alikuwa ameshinda yeye. Hesabu ya wanasheria wake ilikuwa ya kawaida: tukavue penye samaki wetu. Muda ni mfupi, watu ni wachache, kwa nini tuhangaike kwenye wilaya za Bush?

Watu wa Bush wakapata la kusema: huyu hataki kura zihesabiwe, anataka zake zihesabiwe. Hoja hiyo ilimuuma, na Novemba 15 Gore akatokea kwenye televisheni kusema yuko tayari wilaya zote 67 zihesabiwe kwa mkono kama Bush atakubali. Bush akakataa. Nani angekubali, naye yuko mbele? Gore hakulipeleka dai hilo la wilaya zote mbele ya wanaohusika na wala hakulifungulia kesi. Alilisema, halafu akarudi kwenye nne zake.

Na hata hizo nne hakuzipata sawasawa. Novemba 22, Miami-Dade, kundi la wakereketwa wa Republican, wengi wao wafanyakazi wa chama waliotoka nje ya Florida, lilifanya fujo mlangoni mwa ofisi ya kuhesabia. Siku hiyohiyo wasimamizi wakaacha kuhesabu. Palm Beach walikesha, wakamaliza kama saa mbili baada ya muda wa mwisho, saa 11 jioni ya Novemba 26. Bibi Harris akakataa kuzipokea. Akatangaza 537.

Desemba 8 Mahakama ya Juu ya Florida, majaji wanne dhidi ya watatu, iliamuru karatasi ambazo mashine hazikuona kura ndani yake zihesabiwe kwa mkono jimbo zima. Kesho yake Mahakama ya Juu ya Marekani, watano dhidi ya wanne, ikasimamisha. Desemba 12 usiku ikamaliza kesi, tena watano dhidi ya wanne. Ilisema kila wilaya ina kipimo chake cha kura halali, kwa hiyo wapigakura hawatendewi sawa, na muda wa kurekebisha umekwisha. Ilitaja pia kwamba hesabu hiyo iliacha nje karatasi zilizotobolewa zaidi ya mara moja. Mnaona hapo? Yule aliyedai nusu alihukumiwa kwa sababu, pamoja na nyinginezo, hesabu ilikuwa ya nusu. Jaji Stevens, mmoja wa wanne waliopinga, aliandika kwamba aliyeshindwa kwa hakika ni imani ya taifa kwa jaji asiyependelea. Kesho yake Gore akakubali.

Januari 6, 2001 ilikuwa kazi yake Gore, kama Makamu wa Rais, kuongoza kikao cha Bunge cha kuthibitisha ushindi wa mpinzani wake. Wabunge weusi walisimama mmoja baada ya mwingine kupinga kura za Florida. Sheria iliwataka wawe na saini ya angalau seneta mmoja. Hakuna seneta aliyesaini. Gore mwenyewe akawa anawakatalia mmoja mmoja.

KARATASI ZILIPOFUNGULIWA

Mwaka mmoja baadaye, magazeti na mashirika ya habari makubwa ya Marekani yaliungana kukilipa kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Chicago kizikague karatasi zile 175,000. Matokeo yalichapishwa Novemba 2001. Naomba wenye kalamu waandike.

Kama wilaya nne alizoomba Gore zingalihesabiwa zote, Bush angalishinda kwa kura 225. Kama amri ya mahakama ya Florida ingalitekelezwa, Bush angalishinda bado. Lakini kama karatasi zote zilizokataliwa, katika wilaya zote, zingalihesabiwa kwa kipimo kimoja, Gore angalishinda kwa kura kati ya 60 na 171, kutegemea kipimo.

Zilikuwa wapi kura hizo? Nyingine zilikuwa zimelala kwenye ngome za Bush. Wilaya ya Lake, ambako Bush alishinda, zilikutwa karatasi ambazo mpigakura ameweka alama kwa Gore, halafu kwa kutaka kuhakikisha akaandika na jina la Gore chini. Mashine ikaona alama mbili, ikaitupa. Mtu amesema mara mbili anamtaka Gore, akahesabiwa hajasema kitu! Na Gore mwenyewe hakwenda kumtafuta, kwa sababu alishaamua kwamba pale si kwake.

Hii ndiyo "kama" yangu, ndugu zangu. Wanaota ndoto za majaji wengine, za Nader kujitoa, za Bush kuwa na haya. Hayo yalikuwa mikononi mwa watu wengine. Lililokuwa mkononi mwa Gore mwenyewe ni kudai zote tangu siku ya kwanza, za kwake na za mwenzake, kwa maandishi. Sisemi angepewa. Nasema hakudai.

TUSIMFANYE MALAIKA

Tuseme angaliingia Ikulu. Je, dunia ingalibadilika? Iraki naamini ndiyo. Septemba 2002, miezi sita kabla ya uvamizi wa Machi 2003, Gore alisimama San Francisco akaipinga haraka ile ya vita hadharani, wakati wenzake wengi walikuwa wamefyata. Lakini mgombea mwenza wake, Joseph Lieberman, aliiunga mkono vita hiyo.

Mkataba wa Kyoto wa hali ya hewa, Bush aliutupa Machi 2001. Gore asingaliutupa, lakini Seneti ilikuwa imeshapiga kura mwaka 1997, 95 kwa 0, kupinga mkataba wa namna hiyo. Asingalipata wa kuuidhinisha.

Tuje kwenye linalotugusa. Gore akiwa Makamu wa Rais, serikali yao iliibana Afrika Kusini kwa sababu ya sheria yake ya 1997 ya kupata dawa za bei nafuu. Ndiyo maana Juni 1999, alipozindua kampeni kijijini kwao Carthage, wanaharakati wa ukimwi walimzomea. Na Bush huyu tunayemlaani kwa Iraki ndiye aliyetangaza Januari 2003 mpango wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano dhidi ya ukimwi, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo. Wapo watu katika mitaa yetu walioinuka kitandani kwa dawa hizo. Ukweli lazima usemwe hata ukimfaa usiyempenda.

Kwa hiyo sidai haki ya kuhesabiwa kwa sababu Gore alikuwa mtu mwema. Mwananchi wa Duval alikuwa na haki ya kura yake hata kama angempa mtu mbaya.

WIKI ILEILE, ZANZIBAR

Wakubwa mliopo hapa mnakumbuka tulikuwa na nini wiki ile. Zanzibar ilipiga kura Oktoba 29, 2000. Mjini Magharibi mambo yakavurugika, Tume ikafuta uchaguzi katika majimbo 16 kati ya 50. CUF ikasema uchaguzi umeharibika wote, urudiwe kote na chini ya tume nyingine. Tume ikarudia 16 tu, Novemba 5, CUF ikasusa. Siku mbili baadaye Wamarekani wakaenda vituoni.

Kule mgombea alidai nusu. Hapa chama kilidai zote, kikapewa nusu. Bush aliapishwa Januari 20, 2001. Siku sita baadaye, Januari 26 na 27, waandamanaji walipigwa risasi Unguja na Pemba. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Muafaka ulisainiwa Oktoba mwaka huo, lakini waliokufa hawakurudi. Basi asije mtu akaniambia kudai zote ni kazi rahisi. Nasema tu kwamba wale hawana cha kujilaumu kuhusu walichodai.

KAZI YA WAKALA

Kuna tofauti moja kubwa. Gore alikuwa na mahakama ya kwenda, hata kama ilimwangusha. Katiba yetu, Ibara ya 41(7), inakataza mahakama yoyote kuuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilisema kifungu hicho kinavunja haki za binadamu. Kwa hiyo kwa kura ya Rais mahakama yetu ni kituo cha kupigia kura, na wewe wakala ndiye wakili. Usipolisema pale, hakuna pa kulisemea kesho.

Naomba basi mambo manne. La kwanza, daftari. Nendeni mkalisome linapobandikwa, jina kwa jina, mtaa kwa mtaa. Anayekutwa hayumo siku ya kura amechelewa.

La pili, karatasi ya kura. Mfano ukitoka, mpelekeeni bibi asiyeona vizuri na kijana anayepiga kura mara ya kwanza. Wakikosea, jueni tuna kazi ya kufundisha.

La tatu, kura zilizoharibika. Kila inayowekwa pembeni ulizeni kwa nini. Na ikiwa alama inaonyesha wazi mpigakura amemtaka mgombea wa chama tawala, semeni ihesabiwe kwake. Nasikia mnaguna. Ukimtetea mpinzani wako penye haki yake, siku utakapotetea yako hakuna atakayekuita mvuvi wa wilaya nne. (Makofi)

La nne, vituo visivyo vyetu. Kila mara tunapeleka mawakala hodari kwenye ngome zetu, na kule kwingine tunapeleka yeyote au hatupeleki mtu. Hapo ndipo penye Lake yetu. Kuna mama kule amepiga kura kwa hofu, hajamwambia hata mumewe, na hana mtu wa kuitazama karatasi yake ikifunguliwa. Mpelekeeni mtu. Akae mpaka mwisho, aondoke na nakala ya fomu iliyosainiwa.

Mwenyekiti wa semina atagawa orodha ya vituo baada ya chai. Naomba wanaojitolea kwenda vituo vigumu waandike majina kwanza. La kwangu nimeshaandika.